Dagaa Waliopanda Njia Mbili

Neema, na wewe Majura, kaeni hapo. Wiki nzima nimewasikia mnagombana barazani kwangu hapa Nyakato, nimenyamaza, maana mtu mzima akiingilia ugomvi asiouelewa anajiaibisha mwenyewe. Sasa nimeuelewa. Neema unachora kurasa za simu: kitufe hapa, picha pale. Majura unaandika maagizo ya kuzifanya kurasa zifanye kazi. Mchoro wenu mmeuweka mahali pamoja kwenye kompyuta, kila mtu anaufungua kwake, na mchoro wenyewe unampa Majura nusu ya maagizo. Mlinionyesha, nikaona ni jambo la ajabu kweli. Halafu juzi kitufe cha ile kazi yenu ya zahanati kikatokea upande usio wake. Neema akasema, mimi nilishakisogeza. Majura akasema, na mimi nilikisogeza. Nilicheka mpaka nikakohoa, na hakuna aliyeniuliza nacheka nini.

Nacheka kwa sababu mimi Nyangeta nilifanya kosa hilohilo kabla hamjazaliwa, kwa daftari la hesabu na vijiti vya mpera, na nusura kosa hilo liwanyang'anye mkate watu ishirini na watatu.

Nilikuwa kiwanda cha nguo, hapahapa Musoma, karakana ya kufuma maua. Msidhani ni maua ya kupakwa rangi juu ya kitambaa. Letu lilikuwa ua linalofumwa ndani kwa ndani, ukilikwaruza kwa kucha halitoki. Mashine zilikuwa kumi na mbili, na moja tuliichinja siku nyingi kupata vipuri vya zile nyingine, kwa hiyo tulikuwaga na kumi na moja.

Kila mashine ilikuwa na kichwa, sanduku la chuma pembeni juu, na kutoka kichwani ulining'inia mnyororo wa vibao vyenye matundu. Ukichomeka kijiti kwenye tundu, fremu moja inanyanyuka na nyuzi zake. Usipochomeka, inabaki chini. Uzi wa kupita unapenya katikati, kibao kinazunguka, kinakuja kingine. Kibao kimoja, uzi mmoja. Kazi yangu ilikuwa kuchomeka vijiti. Na nilijuaje pa kuchomeka? Kwa karatasi ya Salum. Salum alikuwa mchoraji wetu, mtu wa mjini hapa, mpole, kanzu nyeupe kila Ijumaa, mikono yenye wino siku zote. Alichora kwenye karatasi yenye miraba. Mraba mweusi, chomeka. Mraba mweupe, acha. Mchoro na maagizo vilikuwa kitu kimoja, Majura, kama hivyo vyenu.

Aliyenifundisha kuchomeka ni Mzee Magesa wa Butiama. Alikuwa mkali wa kimya. Siku yangu ya kwanza peke yangu nilipewa karatasi ya ua la mti mdogo. Nikaisoma kutoka juu kushuka chini, kama barua, si nimemaliza la saba? Mzee Magesa akaniona. Akaacha mashine ifume mita mbili nzima, akazikata, akanitundikia begani, akanituma kantini nikamletee chai. Kantini nzima iliona miti yangu imesimama kwa vichwa. Niliporudi akaniambia, "Nguo inaanza kujengwa chini, binti. Kama nyumba." Tangu siku hiyo sijawahi kuanza juu.

Miaka ile ilikuwa ya shida. Mnasikia watu wanasema foleni za sabuni mnadhani ni hadithi. Karatasi nzuri ya miraba ilitokaga nje, na kila miraba minane ilikuwa na mstari mnene wa kukusaidia kuhesabu. Ilipokwisha, Salum akaenda kuwabembeleza walimu wa shule, wakampa madaftari ya hesabu yaliyokwisha tumika. Daftari la hesabu halina mstari mnene, kwa hiyo ukikohoa tu umepotea. Nikamwambia, kupitia karani aliyetuletea karatasi, apige mstari kwa rula kila baada ya minane. Akapiga. Lakini upande wa pili wa ukurasa kulikuwa na hesabu za mtoto, na mwalimu alikuwa na kalamu nyekundu yenye hasira, alama zake zinapenya mpaka upande wetu. Mara moja nikachomeka vijiti viwili pale palipokuwa na kosa la mtoto la kugawanya. Kitambaa kikatoka na chunjua kila baada ya shubiri. Nilimtafuta yule mtoto moyoni nikamlaumu bure.

Vijiti navyo vilikwisha. Fundi mmoja akatuchongea vya mpera, vigumu, vizuri, ila masika ya huku ziwani vilikunywa unyevu vikavimba, ukitaka kuvitoa unavitoa na koleo. Dawa yake niliivumbua mwenyewe: unavikaanga. Kweli tena. Unavitia kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo, unavigeuza kama karanga, vikipoa unavipaka mafuta kidogo ya mashine. Wanangu walijua harufu ile ikitoka jikoni hakuna cha kula ndani yake.

Sasa nisikilizeni kwa makini, hapa ndipo penyewe.

Mashine zilipangwa mbilimbili zikitazamana, ili mfumaji mmoja asimame katikati azihudumie zote. Kwa hiyo moja ilikuwa na kichwa upande wa kulia, mwenzake upande wa kushoto. Mnyororo uliochomekwa kwa ajili ya kichwa cha kulia, ukiuweka kwenye kichwa cha kushoto, ua linatoka limegeuka. Kwa hiyo karatasi ya mashine ya kushoto lazima uisome kutoka upande wa pili. Jambo hilo Mzee Magesa alilijua kwenye vidole. Alipokuwa anachomeka mashine ya kushoto aligeuza mwenyewe, kichwani, bila kuandika popote. Mimi nilijifunza kwa kumtazama mikono. Salum kule juu alichora karatasi moja tu, na miaka yote hakujua kwamba huku chini kuna mtu anageuza.

Angejuaje? Chumba cha michoro kilikuwa ghorofani. Sisi wa karakana tulikatazwa kupanda kwa sababu ya pamba miguuni. Karatasi ilishushwa na karani, ikapita kwenye dirisha dogo, na swali langu likarudi kwa dirisha hilohilo kama karani hajaenda kunywa chai. Nilifanya kazi na Salum miaka sita na chumba chake nilikuwa nimekiona mara mbili.

Mzee Magesa akastaafu, akarudi Butiama kulima mihogo yake. Na nchi nayo ikafunguliwa, ikawa ruksa. Sabuni ikarudi dukani, tukashukuru, na nyuma ya sabuni ikaja mitumba. Marobota kwa marobota. Mashuka ya watu wa Ulaya, laini, ya bei ya kutupa. Majora yetu yakaanza kulala stoo. Meneja akatuita karakana ya maua akatuambia bila kuzungukazunguka: mashine zetu zinakula umeme na hazirudishi, kuna mtu anataka kuzinunua kwa kilo, kama chuma chakavu. Limebaki agizo moja tu. Likikubaliwa, mashine zinabaki. Likirudishwa, anauza. Nilikuwa na watoto watatu, Neema, na mmoja wao ndiye mama yako. Sikulala vizuri wiki ile.

Agizo lilikuwa la Bi Zuhura wa Bunda, mwenye duka la vitambaa karibu na stendi. Yule mama alikuwa na akili. Alikuja mwenyewe kiwandani akasema, "Mtumba ni mzuri, sisemi uongo. Lakini kwenye mtumba hupati miwili inayofanana. Mtu anayeoza binti anataka mashuka yaliyofanana, kitanda na kitanda. Nifumieni kitambaa cha mashuka chenye ua la huku kwetu, kifanane chote, kuanzia jora la kwanza mpaka la mwisho. Mimi nitakiuza barabara yote hii mpaka Mwanza."

Salum akachora dagaa. Dagaa wadogo wamelala mshazari, safu kwa safu, wanapanda kuelekea kulia. Kijaluba chake, kile kikopo kidogo cha wino, kilifanya kazi usiku na mchana, na sijui kama amewahi kuchora kitu kizuri kuliko kile. Sampuli tukaifuma kwenye mashine ya kwanza, Bi Zuhura akaipenda, tukaanza.

Karatasi zikapita dirishani, moja ya mashine sita za kulia, moja imeandikwa juu "kushoto". Nikafurahi kwamba safari hii nimepewa karatasi mbili. Sikujiuliza kwa nini. Za kulia nikachomeka kama zilivyo. Za kushoto nikageuza, kama Mzee Magesa.

Majora yakaenda Bunda. Siku nne baadaye meneja akatuita, mimi na Salum, akatuambia tupande basi twende kwa Bi Zuhura tukasikie wenyewe.

Tulimkuta dukani. Hakutusalimia kwa haraka. Mafundi wake walikuwa wameshona shuka la kwanza, vipande viwili vimeunganishwa katikati ili vitoshe upana wa kitanda kikubwa. Akalitandaza juu ya meza ya kukatia.

"Dada," akaniambia, "hawa dagaa wako wanakwenda wapi?"

Nikatazama. Kipande cha huku, dagaa wanapanda kulia. Kipande cha kule, wanapanda kushoto. Nikakizungusha kile kipande cha pili, juu chini, chini juu. Mshazari haudanganyiki, ukiuzungusha unabaki vilevile. Niliona aibu ya kutamani sakafu inimeze.

"Mimi niliomba vifanane," Bi Zuhura akasema. Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyouma. "Vya kutofanana ninavyo robota zima hapo nyuma."

"Tupe siku kumi," nikasema. Salum akanigeukia akanitazama. Sikuwa na ruhusa ya kusema hivyo, na sikujua nyuzi zitatoka wapi. Lakini nilishasema.

Bi Zuhura akakunja shuka lake. "Kumi," akasema. "Ya kumi na moja nampigia simu meneja wenu."

Tulikaa kwenye benchi pale stendi kungoja basi la kurudi. Nikamwambia Salum sielewi, mashine za kushoto niligeuza kama kawaida.

"Uligeuza?" akauliza.

"Si ndiyo kazi. Mzee Magesa si aligeuzaga?"

"Nilisikia hilo siku ya kumuaga," akasema Salum. "Ndiyo nikajua. Nikasema huyu dada kabaki peke yake, nimpunguzie mzigo. Nikakugeuzia kwenye karatasi."

Basi, wajukuu zangu, ndiyo hivyo. Yeye amegeuza kwa wema, mimi nimegeuza kwa uaminifu, na kitu kikageuzwa mara mbili kikarudi kilipokuwa. Hakuna mzembe hata mmoja. Nilikasirika mpaka nikalia pale pale stendi, mbele ya wauza mahindi. Sikumkasirikia Salum. Nilikasirikia lile dirisha. Mtu alikuwa amenisaidia kazi yangu na hakuwa na mahali pa kuniambia.

Kwa meneja tuliingia pamoja. Salum akasema kosa ni lake. Nikasema kosa ni langu. Meneja akasema mmoja wetu anadanganya. "Hapana mzee," nikamwambia, "wote wawili tunasema kweli, ndiyo shida yenyewe." Nikamweleza. Nikaomba nyuzi zilizowekwa kwa mashine za kawaida, za siku kumi. Nikaomba na kitu cha pili: meza ya Salum ishuke karakana.

"Meza ya ofisi haiingii karakana," akasema meneja. Nyuzi akatoa, tena kwa kunung'unika. La meza akakataa.

Tukaishusha bila yeye. Mimi na Bhoke, mfumaji wa mashine ya tatu na ya nne, mwanamke wa mabega. Tuliishusha ngazi saa ya chakula, tukaiweka kwenye stoo yangu ya vijiti, tukafunga mlango. Meneja alipoiona ilikuwa imeshajaa pamba, hakuitaka tena.

Bhoke huyo nilimuuliza, wewe unasimama katikati ya mashine mbili siku nzima, hukuona dagaa wanakwenda huku na huku? "Niliona," akasema. "Nikadhani ndivyo mlivyotaka." Msimcheke. Nani alikuwa amewahi kumwuliza?

Basi nawaambieni tulivyofanya, na hili ndilo nililowaitia. Karakana ina kelele, mtu unamsoma midomo. Stoo ukifunga mlango mnasikilizana. Salum alikaa na karatasi, mimi na mnyororo magotini. Anaanza mstari wa chini: chomeka mbili, acha tatu, chomeka moja. Mimi sichomeki kwanza. Narudia kwa sauti: mbili, tatu acha, moja. Akisema ndiyo, ndipo nachomeka. Kibao kwa kibao. Kwenye pembe ya karatasi tukaweka desturi mpya: anayegeuza anaandika kwa mkono wake, "Nimegeuza mimi, usigeuze," na jina. Kama hakuna maandishi, haijageuzwa. Hakuna kugeuza kwa wema.

Kingine. Tulipofunga mnyororo wa kwanza kwenye mashine ya kushoto hatukufuma jora zima. Tulifuma shubiri moja, tukakata kipande, nikakishona kwa mkono na kipande cha mashine ya kulia, upande kwa upande, tukakipeleka mlangoni kwenye mwanga. Dagaa walivuka mshono kama hakuna mshono. Salum akakishika kile kitambaa akapitisha kidole juu ya mshono. Ndipo tukaita wafumaji wote waje watazame, na nikawaambia: mkiona kitu kinakwenda kinyume na hiki, zimeni mashine, mje, hata kama mnadhani ndivyo tulivyotaka. Kipande cha namna hiyo kikatundikwa msumarini kwenye kila jozi ya mashine.

Ninyi mnatazama kurasa moja moja na kila moja ni nzuri. Ziunganisheni kwanza. Ubaya unakaa kwenye mshono.

Umeme ulikatika siku mbili kati ya kumi. Sikuhesabu kama zimepotea, tulikaanga vijiti. Wafumaji walikubali zamu ndefu bila kuahidiwa kitu, na michembe ya kuchemsha, viazi vitamu vilivyokaushwa, ndiyo ilikuwa chakula cha mchana cha kila mtu. Siku ya kumi majora yalikuwa Bunda, na mimi na Salum tumekaa juu ya mzigo.

Bi Zuhura hakuchukua la juu. Alichomoa mawili kutoka katikati ya mzigo, akayakunjua, akayabana kwa pini, akazunguka meza akaenda kutazama kutoka upande ule. Akarudi. Akayazungusha juu chini. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Haya," akasema. "Leteni mengine."

Mashine zikabaki. Yale majora yaliyokosewa tuliuziwa sisi wafanyakazi kama mabovu, nami nikanunua. Shuka ulilolalia utotoni, Neema, lile ulilokuwa unauliza kwa nini samaki wake wanagongana katikati ya kitanda, limetoka kwenye majora yale ya Bunda. Ulisema wanasalimiana. Nilikuachia uamini hivyo.

Baadaye kiwanda chote kilikufa, na hilo halikuwa la kugeuza wala la kushona, lilikuwa kubwa kuliko sisi. Tulitangaziwa siku ya mwisho. Nyuzi zilikuwa zimekwisha kabisa, mashine zimenyamaza, watu wanafunga vitu vyao. Nikamwona Salum anaingia stoo na karatasi mkononi. Mashine tano za kushoto zilikuwa zimevuliwa minyororo kwa matengenezo, na vibao vilikuwa vimelala mezani vitupu.

"Tumalizie," akasema.

Tulikaa. Alisoma kutoka chini, nikarudia, nikachomeka. Tulichomeka minyororo yote mitano mpaka alasiri, tukaifunga kwenye vichwa vyake mmoja mmoja. Meneja alipita na funguo akatukuta, akauliza tunafanya nini na hakuna hata uzi mmoja.

"Kuna mtu atazinunua," nikamwambia. "Akiziwasha azikute sawa."

Alisimama kidogo, halafu akaenda kufunga milango mingine kwanza, akatuachia wa kwetu mwisho. Sijui kama aliyezinunua aliziwasha au alizipima kwa kilo. Salum hayupo tena, Mungu amrehemu, na karatasi yake ya mwisho ninayo kabatini. Imeandikwa pembeni: "Nimegeuza mimi, Salum. Usigeuze." Chini yake, mwandiko wangu: "Nimesikia. Nyangeta."

Sasa leteni kompyuta hapa mezani. Moja tu, nyingine izimeni. Neema, soma. Majura, usiguse kitu mpaka urudie alichosema. Na anzeni chini.